Yule Asiyekuwa na wa Kumsemea

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Somo: Marko 5:21–43)

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni unachochea moto, au njiani kwenda kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika Injili ya Marko, mlango wa 5, kuanzia mstari wa 21.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo hatujazoea kulisema kanisani. Ni maumivu ambayo wasichana na wanawake wengi huyapata wakati wa hedhi, na ugonjwa mmoja ambao mara nyingi hujificha nyuma ya maumivu hayo. Najua kuna baba mahali fulani ambaye ameshanyosha mkono ili azime redio. Nakuomba, baba, usizime. Katika somo letu yumo baba mmoja, na neno la leo ni lako pia.

Baba huyo ni Yairo. Alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima katika mji wake. Binti yake alikuwa mgonjwa sana. Yairo hakuona haya. Alikwenda mbele ya watu wote, akaanguka miguuni pa Yesu, akamsihi sana kwa ajili ya mtoto wake. Bwana akaondoka naye.

Lakini njiani palikuwa na mtu mwingine. Alikuwa mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Marko anatuambia kwamba alikuwa amehangaika kwa waganga wengi, akatumia mali yake yote, wala hakupata nafuu, bali hali yake ilizidi kuwa mbaya. Tena kwa sheria ya Mambo ya Walawi, mlango wa 15, mwanamke wa namna hiyo alihesabiwa kuwa si safi, na kila alichokikalia kilikuwa najisi. Basi alikuja kwa siri, nyuma ya umati, akagusa vazi.

Angalia tofauti ya watu hawa wawili. Yule binti alikuwa na baba wa kumsemea. Huyu mwanamke hakuwa na mtu. Hatusomi habari ya mume, wala ya ndugu, wala ya jirani aliyemshika mkono. Alikuja peke yake.

Sasa nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa akina mama waliosimamia wasichana katika kambi ya vijana wa kanisa. Siku ya pili asubuhi msichana mmoja wa kidato cha pili hakuja kwenye ibada. Nilimkuta amejikunja kitandani, jasho limemtoka, na ndoo ya kutapikia iko kando yake. Nilimuuliza, “Mwanangu, una nini?” Akasema, “Ni siku zangu, mama. Lakini—” Mimi sikumngoja amalize. Nilimwambia, “Mwanangu, sisi sote tumepita hapo. Jikaze. Ukija kuolewa na kuzaa, hayo yote yataisha.” Nikamletea chai, nikarudi kwenye ibada. Nilijiona nimefanya wema.

Miaka mingi baadaye alinitembelea nyumbani. Alikuwa mwanamke mzima, na alikuwa amekwisha kupasuliwa. Tuliongea sana. Kisha akaniambia kwa upole, “Mama, siku ile kambini nilitaka kukueleza. Lakini wewe ulikuwa umeshanijibu.”

Wapendwa, neno hilo halijanitoka moyoni hata leo. Nilimjibu kabla hajanieleza. Na kwa sababu mimi nilikuwa mama wa kanisa, hakumweleza mtu mwingine kwa muda mrefu.

Ugonjwa wake, kama daktari alivyomwambia mwishoni, unaitwa endometriosisi. Ni neno gumu, lakini jambo lenyewe laweza kuelezwa kwa urahisi. Mwenyezi Mungu aliufunika upande wa ndani wa tumbo la uzazi kwa utando laini. Kila mwezi utando huo hunenepa, na kama mimba haikuingia, hubambuka ukatoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye ugonjwa huu, nyama inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake, nje ya tumbo la uzazi. Yaweza kuota juu ya mifuko ya mayai, kwenye mirija ya uzazi, kwenye kibofu cha mkojo, au kwenye utumbo. Nayo husikia amri za homoni za kila mwezi kama utando wenyewe. Huvimba na kutoa damu. Lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Basi mahali pale huwaka, hufanya makovu, na pengine viungo vya ndani hushikamana. Hapo ndipo maumivu hutoka.

Je, ni ugonjwa wa wachache? Sivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani wanao, yaani karibu mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Hesabu viti vya kanisa lenu. Kama wanawake na wasichana 50 wa umri huo huja kuabudu, yaelekea wako watano hivi wanaoujua uchungu huu. Shirika hilo hilo linasema kwamba tangu dalili kuanza mpaka ugonjwa kutambuliwa, mara nyingi hupita miaka 4 hadi 12. Miaka 12! Ni sawasawa na miaka ya yule mwanamke. Marko hakutuambia ugonjwa wake uliitwaje, nami sisemi kwamba ulikuwa huu. Lakini safari yake naitambua. Nimeiona katika nyumba zetu.

Basi tutautambuaje? Sikiliza vizuri, mama, nawe dada. Maumivu kidogo wakati wa hedhi huwapata wengi. Hupoa kwa kupumzika, au kwa maji ya moto, au kwa kidonge cha kawaida, na mtu huendelea na kazi zake. Lakini maumivu yanayomwangusha msichana kila mwezi, yanayomfanya akose shule au kazi, yanayomtapisha au kumzimisha, hayo si ya kawaida. Yasiitwe ya kawaida kwa sababu tu mama yake naye aliyapata. Huenda mama naye alikuwa mgonjwa, wala hakuna aliyemwambia.

Dalili nyingine ni hizi. Maumivu ya chini ya tumbo au ya kiuno ambayo hayaishi hata siku za hedhi zikiisha. Maumivu wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo, hasa siku zile za mwezi. Tumbo kujaa na kuvimba. Damu kuwa nyingi mno. Uchovu usioondoka kwa usingizi. Kwa aliyeolewa, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Na kwa wengine, kuchelewa kupata mtoto. Si lazima mtu awe na dalili zote. Wako wenye moja tu, na wako ambao hawana maumivu hata kidogo, wakagundua wakati wa kutafuta mtoto.

Pengine nyama hiyo huota mbali zaidi, hata kifuani. Wengi wenu mtamkumbuka Njambi Koikai, mtangazaji wa redio ambaye Wakenya walimpenda kwa vipindi vya muziki wa reggae. Ugonjwa huu ulimfikia mapafuni. Yeye hakuuficha. Aliwaeleza watu waziwazi, na mwaka 2018 Wakenya walimchangia, akaenda Atlanta, Marekani, kutibiwa. Aliporudi aliendelea kuwasemea wenzake. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Wako wasichana wengi nchini ambao walilisikia jina la ugonjwa wao kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayesema kweli mbele ya umati.

Sasa labda unauliza, “Nifanye nini, maana naona ni habari yangu, au ya binti yangu?”

Kwanza, chukua daftari dogo. Andika tarehe hedhi inapoanza na inapokwisha. Andika maumivu yalikuwa wapi, yalikuwa makali namna gani, ulikunywa dawa gani, na ulishindwa kufanya nini. Fanya hivyo kwa miezi miwili au mitatu. Ukifika mbele ya daktari, pengine utasahau au utaona haya. Daftari haliwezi kuona haya. Lakini kama maumivu ni makali mno, usiingoje miezi hiyo. Nenda sasa, na daftari litafuata.

Pili, anza kituo cha afya kilicho karibu, na uombe barua ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali kubwa. Mwambie daktari neno lenyewe: “Je, yaweza kuwa endometriosisi?” Si kukosa adabu kuuliza. Huenda utapigwa picha ya ultrasaundi. Picha hiyo yaweza kuonyesha uvimbe kwenye mifuko ya mayai, lakini yaweza pia kuonekana safi na ugonjwa ukawepo. Kwa hiyo ukiambiwa, “Hatuoni kitu,” na maumivu yako yako pale pale, rudi, au mtafute daktari mwingine. Hujasema uongo. Wakati mwingine madaktari hutoboa matundu madogo tumboni, huku mgonjwa amelazwa usingizi, wakaingiza kifaa chembamba chenye taa na kamera. Hapo huona kwa macho, huchukua kipande cha kupimwa, na pengine huiondoa nyama hiyo.

Tatu, usikate tamaa ukisikia kwamba dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Ni kweli, haijapatikana. Lakini maumivu yaweza kutulizwa, na wengi hurudia kazi zao na furaha yao. Ziko dawa za kutuliza maumivu. Ziko dawa zenye homoni, zikiwemo vidonge vile vile vya kupanga uzazi. Mama, usishtuke ukiona binti yako ambaye hajaolewa ameandikiwa vidonge hivyo. Havikuandikwa kwa sababu ya tabia yake, bali viliandikwa kwa sababu ya ugonjwa wake. Na wako wanaosaidiwa kwa kupasuliwa, ijapokuwa kwa wengine maumivu hurudi baadaye. Habari ya kupata mtoto isikuvunje moyo. Wengi wenye ugonjwa huu wamezaa, wengine bila msaada, na wengine kwa msaada wa madaktari.

Neno la onyo: yakija maumivu makali ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, au homa pamoja na maumivu, au kuzimia, au maumivu wakati hedhi imechelewa na huenda una mimba, usingoje daftari wala barua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa hatari nyingine.

Sasa niseme juu ya maneno yetu, maana kwa maneno tumewajeruhi wengi. Tumesema, “Amelogwa.” Tumesema, “Ni dhambi ya ujana wake.” Tumesema, “Ni mvivu tu, anakwepa jembe.” Wapendwa, ugonjwa huu hauletwi na uasherati. Hauambukizi. Si saratani, wala si laana. Waweza kumwanzia msichana tangu hedhi yake ya kwanza, naye hajamjua mume. Huonekana zaidi katika jamaa zingine, hivyo kama mama au dada yako anao, uwe macho mapema.

Na lile neno langu la kambini, kwamba akizaa yataisha, nalo si kweli. Wengine hupata nafuu wakati wa mimba, lakini kuzaa si dawa. Usimharakishe binti yako kuolewa ili apone.

Tena tumesema, “Kama una imani, acha dawa.” Hapana. Mwinjili Luka alikuwa tabibu, na Mtume Paulo alimwita mpendwa. Tunaomba, na tunakwenda kwa daktari, na yote mawili tunayafanya mbele za Mungu mmoja. Mwombee mgonjwa mkono wake ukiwa mkononi mwako, kisha mtafutie nauli.

Turudi kwenye somo letu. Yule mwanamke aligusa, akapona. Angeweza kuondoka kimya kimya. Lakini Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Fikirini jinsi Yairo alivyojisikia! Mtoto wake yuko katika kufa, na mwalimu amesimama njiani kwa ajili ya mwanamke asiye na jina. Wanafunzi nao waliona ni jambo la kushangaza. Lakini Bwana hakuharakishwa. Alingoja. Marko anasema kwamba yule mwanamke alikuja akitetemeka, akamweleza kweli yote.

Kweli yote! Miaka 12 ya habari. Waganga, fedha, aibu, usiku bila usingizi. Hayo hayasemwi kwa dakika moja. Naye Bwana alimsikiliza mpaka mwisho, na ndipo akamwita kwa jina ambalo huenda hakuna aliyemwita kwa muda mrefu. Alimwita binti. Yairo alikuwa na binti wa kumsemea. Yule asiyekuwa na wa kumsemea, Bwana mwenyewe alimfanya kuwa binti. Na wala binti wa Yairo hakupungukiwa na kitu kwa kungoja. Alikuwa na umri wa miaka 12, naye alishikwa mkono akasimama.

Basi mafundisho yetu ya leo ni haya: tusimame, tusikilize kweli yote, kabla hatujajibu.

Baba, uwe Yairo. Usiseme, “Hayo ni mambo ya mama yenu.” Binti yako akianguka kila mwezi, wewe ndiwe wa kumpeleka, na kuuza mbuzi ikibidi. Mume, mke wako akisema anaumia, usifikiri anakukataa. Nenda naye kwa daktari, ukae naye chumbani, usikie mwenyewe.

Mwalimu, msichana akikuomba ruhusa kwa sauti ndogo, usimhoji mbele ya darasa. Na akikosa siku zile zile kila mwezi, usimwadhibu kwanza. Mwite mzazi.

Akina mama wa kanisa, mnapokutana siku ya chama chenu, jambo hili liwe na nafasi yake. Mwalikeni muuguzi aje awafundishe. Mwezi wa Machi kila mwaka watu ulimwenguni huukumbuka ugonjwa huu, nao huvaa rangi ya manjano. Ungekuwa wakati mzuri wa kuanza. Hapa kwetu liko shirika liitwalo Endometriosis Foundation of Kenya, na viko vikundi vya wanawake wenye ugonjwa huu wanaoshauriana na kutiana moyo. Mtu akisikia mwenzake akisema, “Hata mimi,” mzigo huwa mwepesi. Na kama mmoja wenu anahitaji kupasuliwa na fedha hazitoshi, sisi tunajua kufanya harambee kwa ajili ya arusi na mabati ya kanisa. Tufanye na kwa ajili ya binti huyu.

Nawe, binti yangu, unayesikiliza ukiwa umejikunja kitandani na khanga imefungwa tumboni, nakuambia neno la mwisho. Maumivu yako ni ya kweli. Wewe si mvivu, wala imani yako si ndogo. Kama mtu wa kwanza alikujibu kabla hujaeleza, kama nilivyofanya mimi, usinyamaze. Mtafute wa pili. Mtafute shangazi, au mwalimu, au muuguzi, au mke wa mchungaji. Mwambie hivi: “Naomba unisikilize mpaka nimalize.”

Yule niliyemkosea kambini alinisamehe. Siku ile alipomaliza kunieleza, chai ilikuwa imepoa mezani na jua limeshuka, nami sikuwa nimesema neno. Nilichelewa miaka mingi, lakini nilisikiliza.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyesimama njiani kwa ajili ya mmoja aliyekuja kwa hofu, utusamehe sisi tuliopita haraka. Wakumbuke binti zako walio katika maumivu leo. Wape madaktari maarifa na subira. Wape baba na mama masikio. Lifanye kanisa lako liwe mahali ambapo kweli yote yaweza kusemwa bila aibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.